Mkono wa Mzazi

Kambare jike alikuwa mrefu kuliko mlango, tumbo limejaa mayai, na bado alikuwa anapumua ndani ya wavu, mchangani kando ya mto. Kwa desturi ya mji ule, kisu hakimgusi samaki mkubwa mpaka mzazi mpya amwekee mkono, maana mayai ni haki yake. Basi wakamwita Sikujua, mwenye kichanga cha wiki tatu.

"Mguse, shemeji, sufuria zinangoja," alisema Kalume, kisu mkononi.

Sikujua akamkumbatia mtoto kwa mikono yote miwili. "Simgusi."

"Unakataa mchuzi? Maziwa yatatoka wapi?"

"Na huyu wangu akikua atavua nini? Miaka sita hamjaona jike hata mmoja mtoni! Mmempata huyu, mmekimbilia sufuria. Mrudisheni!"

"Wazimu wa uzazi huo," mvuvi mmoja akacheka.

"Ninao! Sogea nikuonyeshe!"

Kicheko kikakatika. Kambare akafungua mdomo, akaufunga polepole. Mama mkwe wa Sikujua, aliyekuwa mbele ya wote na sufuria yake, akaitua chini. Akainama, akashika wavu upande wa majini.