Mpaka ni Maji

"Kaburi la mume wangu si magimbi, Lukindo!"

"Mpaka ni maji, shemeji. Maji yakihama..."

"Hama nayo basi!"

Nakijwa alisimama ukingoni, jembe begani, amefura kwa hasira. Kijito chenyewe chembamba, hata mbuzi anakiruka. Siku zote kilipita kule nyuma ya kaburi. Mvua ya juzi imekihamisha, sasa kinapita huku mbele, kati yake na marehemu. Na kwa desturi yao, ukivuka mpaka na jembe umekwenda kunyang'anya shamba la mtu. Mwenyewe aliwahi kumfukuza Lukindo kwa kosa hilohilo.

"Mwaka ule kilipoingia kwangu, mumeo alifanyaje?" Lukindo aliuliza kutoka ng'ambo, mikono kiunoni. "Alivuna mihogo yangu yote, akaniletea sahani moja nionje. Sahani moja! Na wewe ukacheka."

Alicheka kweli, tena mpaka akakaa chini. Hasira zikampanda zaidi.

"Sema basi kwamba utamlima!"

"Shamba langu, nitafanya ninavyotaka."

Nakijwa akalirusha jembe. Likavuka maji, likatua miguuni pa Lukindo, naye akaruka nyuma akidhani anauawa.

"Liokote!" Nakijwa alifoka. "Kila Ijumaa huwa namng'olea magugu. Leo Ijumaa, na mimi sivuki. Naomba unipalilie."