Ukurasa wa Ukoo

Siku hizi sheria inataka kila kivinjari cha intaneti kiwe na kiendelezi kinachofuta habari za kuumiza kabla hujazisoma. Mimi nilikifurahia, kilinirudishia usingizi.

Leo asubuhi nilifungua ukurasa wa ukoo wetu, nikauliza, "Jamani, mama ameamkaje?"

Kaka yangu Mbaruku akajibu, nikaona nafasi nyeupe. Shangazi akajibu, nyeupe. Wakaandika hata binamu wasiosemezana. Ukurasa mzima ukawa mweupe.

"Hebu andikeni vizuri!" nikawafokea.

Mlango ukafunguliwa. Jirani yangu, Mama Rukia, aliingia na mkeka kwapani, asinisalimie. Akauegemeza ukutani, akashika kochi upande mmoja.

"Mbaruku kanipigia," alisema. "Shika huko, mwanangu. Tuyatoe makochi nje."