Mhanga na Mwanafunzi Aliyefeli

Mhanga, yule mnyama mla mchwa, alikuwa mhadhiri wa uchimbaji wa mashimo katika chuo cha wanyama. Kwa miaka kumi na miwili hakuna aliyewahi kumwambia ahsante, na asubuhi moja akamwendea mkuu wa chuo, Tembo, kuaga.

Tembo aliamini kila uchungu hutibiwa kwa cheo. "Usiondoke, Mwalimu," alisema. "Kuanzia leo wewe ni profesa."

"Nashukuru, Mkuu, lakini moyo umechoka."

Kabla hajatoka, Ngiri aliingia akihema, majivu mwili mzima. Huyu alikuwa amefeli somo la Mhanga mara mbili kabla ya kufaulu.

"Mwalimu, jana moto uliteketeza kwetu. Niliwaingiza wanangu wanne kwenye shimo nililochimba. Wote wazima! Nimekuja kukushukuru."

Mhanga alimsogelea. "Moshi haukuwafikia?"

"Ungefikaje? Shimo lilikuwa na kona ya kuzuia moshi, ile uliyonifelisha kwa kutoichimba. Siku zile nilikuchukia sana, Mwalimu. Nisamehe."

Machozi yalimtiririka Mhanga hadi kwenye pua yake ndefu. Akamgeukia Tembo.

"Mkuu, mwaka huu waliofeli ni wangapi?"

"Tisa."

"Waite. Naanza nao sasa hivi."