Buluu ya Anselme

Anselme alikuwa ameshika penseli, tayari kutia sahihi, mkono ukaganda.

Mezani ilisimama sanamu yake: vipande vitatu vya plastiki angavu, kimoja nyuma ya kingine, vyote vikiwa na mistari niliyoichapa mimi, mchapaji wake, kwa kupitisha wino kwenye wavu. Hii ilikuwa nakala ya kwanza. Akishaisaini, zilizobaki zitafuata rangi zake hizo hizo.

"Nani kaweka buluu hii?"

"Wewe, mzee wangu. Kila nikichanganya, unasema ongeza."

"Mimi? Inapiga kelele kama king'ora! Yangu ilikuwa kijivu, kama mto Seine asubuhi ya mvua."

Wiki iliyopita alitolewa mtoto wa jicho la kushoto. La kulia bado lilikuwa na ukungu.

Akaelewa mwenyewe. Alilifunika la kushoto kwa kiganja chenye madoa ya wino, uso ukalainika. "Hii hapa," akanong'ona. Akakihamisha kiganja hadi la kulia, akakunja uso. Akarudia taratibu, kama mtu anayeaga.

"Kumbe wewe ulikuwa ukiiona hivi siku zote?"

"Ndiyo."

"Unaipenda?"

"Jana ulipokwenda kula, niliitazama mpaka nikalia."

"Mwongo we!"

"Haki ya Mungu. Lakini naweza kuchanganya upya, mpaka jicho jipya likuonyeshe ile ya kijivu."

Akaigeuza sanamu kidogo kwenye mwanga.

Kisha akaliziba jicho la kulia, akainama, akaanza kuandika jina lake.