Leso ya Mheshimiwa

"Mama watoto, ile leso yangu iko tayari?" Lugendo aliuliza huku akifunga tai.

Mkewe, Nyamizi, alikuwa jikoni anakata kitunguu. Enzi Lugendo akiwa wakili chipukizi, jambo hili liliwachekesha hadi wakashika mbavu: leso inasuguliwa kitunguu, inapitishwa machoni mbele ya hakimu, machozi yanamwagika, mshtakiwa anaachiwa. Hata yule mkandarasi aliyejenga kwa mchanga mtupu aliachiwa hivyo hivyo. Sasa jengo lake jingine limewaangukia watoto wa shule, na Lugendo, ambaye leo ni Waziri Mkuu, anakwenda kuhani msiba.

Nyamizi akaisugua leso, akamkabidhi, wakaondoka pamoja.

Msibani, Mheshimiwa alilia vizuri mno. Kamera zikamsogelea. Akanogewa, akamwinamia Mama Sikudhani, aliyefiwa na binti yake wa pekee, akamfuta machozi kwa leso ile ile.

Yule mama akaruka kama aliyetiwa pilipili. "Macho yangu! Jamani, macho yangu!"

"Mwacheni alie," Lugendo aliwaambia wanahabari, sauti ikimtetemeka kama siku zile mahakamani. "Ni mzazi huyu."

Nyamizi hakuvumilia. Akapiga magoti, akamshika. Mama Sikudhani, macho kayafumba, akaipapasa mikono iliyomshika, akaivuta karibu na uso wake. Akanusa. Kilio kikamkatika ghafla.

"Mwanangu," akauliza taratibu, bila kuiachia ile mikono, "mlikuwa mnapika nini?"