Pindo la Kanga

Siku hizi fremu ya picha yako kwenye skrini ya ukutani ndiyo hali yako. Ya maua, wewe ni bwana au bibi harusi, ya kijani, u mzima, nyeusi, marehemu. Milango yote inasoma fremu, haina habari na sura.

Bi Mwanakheri aliyajua hayo. Lakini fremu za kijani za ile programu ya bure ya kupambia picha zilimchefua, kama zimechorwa na mtu mwenye homa. Akapiga picha kanga yake ya kijani kilichokolea, akakata pindo kwenye kompyuta, akaizungushia picha ya mumewe. Ikapendeza kweli. Programu ikasoma nyeusi.

Mumewe, Kombo, akarudi kutoka sokoni na samaki wake. Mlango ukakataa kufunguka, ukamwambia, "Poleni kwa msiba."

"Mwanakheri! Umenifanya nini tena?"

"Subiri, Baba Saumu, naifuta!"

Akabonyeza. Programu ikamjibu kwa upole kwamba mjane habadili picha mpaka eda iishe, miezi minne na siku kumi.

"Mjane wa nani? Mume wangu huyo nje, anapiga kelele na samaki changu mkononi!"

Jirani yake, Bi Tatu, akaingia na sukari kilo mbili. Yeye mlango ulimfungukia.

"Shoga, Kombo si umempita hapo nje?"

"Nimempita," akasema Bi Tatu, akitandika mkeka. "Nimempa na pole."

Mwanakheri akakimbilia mlangoni amfungulie mumewe. Mlango ukajifunga mbele yake, taratibu, kwa heshima zote za eda.