Kiti cha Quinton

"Guka, mikono!" Quinton alisema bila hata kugeuka.

Mzee Oduori akairudisha mikono mapajani. Hakujua ilikuwa imenyooka tena kuelekea kwenye msumeno.

Miaka thelathini na minane amefanya useremala hapa kando ya barabara ya Alupe. Vitanda vya nusu ya watu wa Bukhayo vimetoka kwenye karakana hii, na milango, na mabenchi ya kanisa. Leo mjukuu wake wa gredi ya sita anaitafuna mbao ya mvule mbele ya macho yake, naye ameambiwa asiguse. Jamani!

Sheria ni ya maskauti. Anayetaka kwenda kambini lazima atengeneze kiti cha kambi kwa mikono yake mwenyewe: mbao mbili tu, ya kukalia ipite kwenye tundu la ile ya kuegemea, bila msumari hata mmoja. Aandike kwenye fomu alikipima vipi. Jumamosi asubuhi viti vinakaguliwa, kisha basi linaondoka. Mtu mzima akisaidia, mtoto anabaki nyumbani. Mwalimu Selpha, mlezi wa maskauti, aliileta fomu mwenyewe, na Oduori akatia sahihi kwamba hatagusa. Alitia akicheka. Hakujua ni mateso ya namna gani.

Basi alikaa pembeni, tako moja kwenye benchi na lingine nje, mguu wa kushoto umenyooka mbele kama kawaida yake tangu boda boda imwangushe kule Malaba. Alikaa akaumia. Mtoto alishika msumeno kama jembe.

"Legeza mkono," yalimponyoka.

"Guka!"

"Sijagusa. Mdomo si mkono."

Alhamisi mbao ikawa inateleza. Quinton akakuna kichwa.

"Guka, kuja uikalie, isitembee."

"Na hiyo si kusaidia?"

"Kukalia si kusaidia. Wewe ni uzito tu."

Oduori akacheka, akajishusha polepole juu ya mbao. Mtoto akainama na penseli, akachora muda mrefu, ulimi umechungulia pembeni mwa mdomo. Futi ya kupimia ilikuwa pale pale na hakuigusa. Mzee aliuma midomo. Fundi gani huyu anachora bila futi?

Ijumaa kiti kikaisha, na Quinton hakutaka kionekane. Alikitia kwenye gunia akalifunga kwa kamba. "Utakiona kesho na wengine," alisema. Usiku kucha alikuwa akiamka kuuliza kama kumekucha. Tangu mwaka uanze hakuna wimbo mwingine nyumbani ila kambi, kambi, kambi.

Asubuhi, Quinton akiwa bafuni, mzee alijikuta amesimama mbele ya gunia. Alijiambia atachungulia tu. Lakini mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi.

Loo! Tundu lilikuwa zuri, kusema kweli. Mbao ya kukalia ndiyo ilikuwa msiba. Ilikuwa ndefu mno, mtoto wa miaka kumi na mmoja angepotea humo. Tena kona ya mbele ya kushoto haikuwepo. Msumeno ulikuwa umekwenda mshazari, ikaonekana kama chapati iliyong'atwa. Mwalimu angeitazama mara moja tu, na basi lingeondoka bila Quinton. Kazi ya wiki nzima, na mtoto alivyojitesa!

Sahihi yake ilikuwa kwenye fomu. Maji bafuni yalikuwa bado yanamwagika. Akachukua msumeno.

Ilikuwa kazi ya dakika mbili. Alikata ukingo wote wa mbele ukalingana na pale mtoto alipokosea, akaulainisha kwa msasa, akafagia vumbi kwa mkono. Sasa kilikuwa kiti hasa: kifupi, sawa kulia na kushoto, kinamtosha mtoto. Akakirudisha guniani na kufunga kamba kwa fundo lile lile.

"Mungu nisamehe," alisema, lakini moyoni alikuwa amefurahi.

Uwanjani wazazi walisimama nyuma ya kamba, basi likinguruma langoni. Viti vilikaguliwa kimoja kimoja. Kimoja kilipasuka, mwenyewe akalia, akaambiwa arudi kwa mamake. Oduori akashukuru kimoyomoyo kwamba alikirekebisha cha Quinton. Kisha ikawa zamu ya Quinton.

Mtoto alifungua gunia, akakitazama kiti, akaduwaa. Alipitisha kidole kwenye ukingo mpya, taratibu, kutoka kushoto hadi kulia. Hakumtazama mwalimu. Aligeuka akamtafuta guka yake katikati ya watu, na machozi yalikuwa yanamlengalenga.

Oduori akajua amegunduliwa. Angefanya nini sasa? Hawezi kuvuka kamba, hawezi kusema neno. Aliomba tu kimya kimya: nyamaza, mjukuu wangu, kiti kiko sawa, kikalie, kisha panda basi uende.

Mwalimu Selpha alikizunguka kiti, akakibonyeza kwa goti, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Kazi safi! Haya, wacha tuone kama inalingana na yale uliandika."

Akaikunjua fomu, akasoma kwa sauti ili wazazi wote wasikie:

"Hiki kiti si changu, ni cha guka. Nilimpima akiwa amekalia mbao, na hajui. Mguu wake wa kushoto haukunjiki, kwa hivyo nimeitoa kona ya upande huo, mguu upate pa kupita na yeye akae kama watu wengine."